Mawese, chumvi na presha: kikundi cha akina mama wa Mwandiga kianzie wapi?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 28. Anaandika hivi: "Daktari, mwezi uliopita tulimzika mwenzetu wa miaka 46. Alidondoka asubuhi akiwa anapanga madumu yake ya mawese, mdomo ukaenda upande, akapoteza kauli, na siku ya tatu akafariki. Kikundi kimeazimia kutenga nusu saa kila Jumamosi, baada ya kuhesabu hisa, tufundishane namna ya kujikinga na maradhi ya moyo, lakini hatujui pa kuanzia. Mtu mmoja msomi ametuambia tuache mawese kabisa, nasi wengi wetu ndiyo tunayouza na ndiyo tuliyopikiwa tangu utotoni. Wengine wanasema marehemu alikuwa na mawazo mengi, wengine wanasema alitupiwa kitu. Na yupo mwenzetu mwingine aliyeandikiwa dawa za presha, ameziacha kwa kuwa anajisikia vizuri, sasa anakunywa maji ya kitunguu saumu na limau. Je, ni mawese yanayotumaliza? Na huyu mwenzetu tumfanyeje?"

Mama mwenyekiti, shikamoo, na poleni sana kwa msiba. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo sisi wahudumu wa afya tumelitafuta kwa miaka mingi bila kulipata kirahisi, nalo ni kundi la watu wanaoaminiana, wanaokutana kila wiki, na ambao wenyewe wameamua kwamba wanataka kujifunza. Nitajitahidi kujibu kwa namna itakayowafaa katika ile nusu saa yenu ya Jumamosi.

Nikianza na swali lenyewe: si mawese peke yake, na wala mawese si ya kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza kuanguka kwa marehemu, mdomo kwenda upande na kauli kupotea ghafla, kilichompata kinafanana sana na kiharusi, na kinachoongoza kuleta kiharusi ni shinikizo la juu la damu, yaani ile tunayoiita presha ya kupanda. Sikumwona wala kumpima, kwa hiyo siwezi kudai kwamba ninajua yaliyokuwa ndani ya mwili wake. Lakini mngeniuliza ni jambo gani moja la kuanza nalo ili mwanamke mwingine wa umri ule asidondoke sokoni, ningejibu bila kusita: pimeni presha, kisha tazameni chumvi. Mawese yafuate baadaye, na hata hapo yapimwe, yasifukuzwe.

Presha hukaa mwilini bila kujitangaza. Moyo husukuma damu takriban mara 100,000 kwa siku, na kila unaposukuma, kuta za mishipa hupokea msukumo ule. Msukumo ukizidi kwa miaka mingi, kuta hizo hukakamaa na kuchubuka kwa ndani, mafuta hujishikiza mahali palipochubuka, na njia ya damu huwa nyembamba. Siku moja mshipa wa kichwani huziba au hupasuka, au mshipa unaoulisha moyo wenyewe huziba, au figo huchoka. Katika muda wote huo mhusika anaweza kulima, kuuza, kucheza ngoma harusini na kulala usingizi mzuri. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba duniani kuna watu wazima wa miaka 30 hadi 79 takriban bilioni 1.4 wenye presha ya juu, na kwamba karibu nusu yao hawajui kama wanayo. Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na presha ya juu. Mkiwa 28, fanyeni hesabu wenyewe: huenda wako 6 au 7, na huenda wengi wao hawana habari.

Kuhusu mawazo, ni kweli kwamba hofu na huzuni huipandisha presha kwa muda, na mtu aliyeelemewa mara nyingi hulala vibaya, hukosa hamu ya kujitunza, au hukimbilia pombe. Lakini tukiyatwisha mawazo lawama yote, tunamwambia mgonjwa kwamba kosa ni la moyo wake kukosa subira, naye hatakwenda kupima. Na kuhusu kutupiwa kitu, ninawaomba msigeuze kikao cha Jumamosi kuwa mahali pa kubishana na ndugu wa marehemu, kwa maana wao ndio wenye maumivu. Semeni tu kwamba kipimo cha presha hakimzuii mtu kusali wala kuamini anachoamini, na kwamba anayesali na kupima hajapoteza lolote.

Jumamosi ya kwanza, basi, iwe ya kupima. Mwombeni mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu nanyi, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, aje na mashine, au kikundi chenyewe kinunue moja ya kufunga kwenye mkono wa juu, kwa kuwa zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi zaidi. Ninataka niseme kidogo juu ya namna ya kupima, maana hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibika. Niliwahi kusimamia upimaji chini ya mwembe katika kijiji kimoja cha ukanda wa ziwa. Akina mama walikuwa wanatoka kisimani, wengine wanapanda kilima na ndoo kichwani, wanaitua, wanaketi kwenye gogo bila kuegemea chochote, na papo hapo kijana wetu anafunga mpira juu ya mkono wa sweta huku akiwauliza habari za nyumbani. Mama mmoja alisoma 162 kwa 98. Akaanza kulia, akisema watoto wake bado wadogo. Tulimweka kwenye kiti chenye mgongo, tukamwacha apumzike bila kuzungumza, tukaukunja mkono wa sweta na kuuegemeza mkono wake mezani usawa wa moyo, na baada ya dakika kumi alisoma 136 kwa 84. Tulikuwa tumemtia hofu ya bure kwa sababu ya haraka yetu, na tangu siku hiyo sikubali upimaji wa kukimbizana.

Nanyi fanyeni hivyo. Anayepimwa awe amekwenda haja ndogo, asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa au chai ya rangi katika nusu saa iliyopita, akae ameegemea kwa dakika 5, nyayo zote mbili ziwe sakafuni, asizungumze, na apimwe mara mbili kwa kupishana dakika moja au mbili. Anayefika 140 kwa namba ya juu, au 90 kwa namba ya chini, apimwe tena siku nyingine, na ikibaki hivyo aende zahanati. Anayefika 180 kwa juu au 120 kwa chini hata baada ya kupumzika asisubiri wiki ijayo. Apelekwe siku hiyo hiyo. Namba za kila mtu ziandikwe kwenye daftari lake mwenyewe. Zisisomwe mbele ya wote kama zinavyosomwa hisa, kwa sababu mwili wa mtu ni siri yake.

Sasa chumvi. Ninyi mnaokaa karibu na soko la samaki mnaijua kazi yake kuliko mimi: ukimpaka migebuka chumvi, baada ya muda mfupi maji huanza kumtoka, kwa sababu chumvi huvuta maji. Ndani ya mwili inafanya vivyo hivyo. Chumvi ikizidi katika damu huyashikilia maji humo, damu huongezeka ujazo, na moyo hulazimika kusukuma mzigo mkubwa zaidi kupitia mishipa ile ile. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichofika juu, tena kwa vyakula vyote vya siku nzima. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho.

Tatizo ni kwamba hakuna mama anayepika kwa gramu. Nimekaa katika jiko moja la Ujiji nikimtazama mama wa nyumba akiunga dagaa: alichota chumvi kwa vidole vitatu, akakoroga, akamimina mchuzi kidogo kiganjani, akalamba, akaongeza, akalamba tena, akaongeza kidogo tena. Hakuwa mzembe hata chembe. Ulimi wake ulikuwa umezoea kiwango fulani, na sufuria ilikuwa inaufuata ulimi. Kumwambia mwanamke yule "punguza chumvi" ni kumpa amri isiyo na kipimo, na ndiyo maana mafunzo mengi ya aina hiyo hayaishi hata wiki moja.

Kwa hiyo ninawapendekezea hesabu ambayo wekaji hisa hawatashindwa. Siku mtakayofungua pakiti mpya ya chumvi ya nusu kilo, iandikeni tarehe kwa kalamu, na siku itakapokwisha iandikeni tena. Gawanyeni gramu 500 kwa idadi ya siku, kisha kwa idadi ya watu wanaokula nyumbani. Nyumba ya watu 6 inayomaliza pakiti kwa siku 10 inakula zaidi ya gramu 8 kwa kila mtu kwa siku, na hapo hatujahesabu mkate, wala samaki wa chumvi, wala vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, wala maembe mabichi ambayo watoto huyachovya kwenye chumvi na pilipili njiani. Nyumba hiyo hiyo ikiifikisha pakiti wiki tatu, imeshuka hadi gramu 4. Msiruke kutoka siku 10 hadi siku 21 kwa mkupuo, maana wanaume na watoto wataikataa mboga na mama ataonekana mkorofi. Ongezeni siku mbili au tatu katika kila pakiti. Ulimi hujifunza upya katika majuma machache, na baada ya hapo chakula cha zamani ndicho kitakachoonekana kikali.

Yapo mambo matatu ya kuongeza juu ya chumvi. La kwanza ni magadi, ambayo wengi hupikia maharage, mlenda au kisamvu ili vilainike haraka. Magadi nayo yana sodiamu, ambayo ndiyo ile ile iliyomo katika chumvi na inayopandisha presha, na hakuna anayeihesabu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kumwagwa maji yake hulainika vizuri bila magadi. La pili ni dagaa na migebuka waliokaushwa kwa chumvi: waloweni, mwageni maji, kisha pikeni bila kuongeza chumvi nyingine mpaka mwonje. Samaki mwenyewe ni chakula kizuri kwa moyo, na ziwa letu limetupa dagaa ambao watu wa mikoa mingine wanawanunua kwa bei kubwa. La tatu ni la watu wa mkoa huu hasa, kwa kuwa chumvi ya Uvinza imevunwa tangu zama za misafara na tunaionea fahari. Punguzeni kiasi, lakini ile mnayobaki nayo iwe iliyotiwa madini joto, kwa sababu ukosefu wake huleta rovu na hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto haiwi salama kwa kuwa tu ni ya asili.

Nimefika kwenye mawese, na ninajua kwamba hapa ndipo macho ya kikundi chako yatakapokaza. Niseme ukweli wa pande zote mbili. Mawese mekundu hayana lehemu, yaani kolesteroli, kwa kuwa lehemu hutoka kwa wanyama. Tena yana wingi wa viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, ambayo hulinda macho na kinga ya mtoto. Anayewaambia kwamba mawese ni sumu anawakosea. Lakini karibu nusu ya mafuta yaliyomo ndani yake ni ya aina ile inayoganda, na ninyi mnaiona kwa macho yenu asubuhi ya baridi, pale dumu linapokuwa na uji mzito chini na mafuta mepesi juu. Aina hiyo ikiliwa kwa wingi hulifanya ini liachie lehemu mbaya zaidi kwenye damu, na hiyo ndiyo inayojishikiza kwenye kuta za mishipa. Katika mafuta ya alizeti sehemu inayoganda ni takriban asilimia 11 tu, na katika ya karanga haifiki robo. Kwa hiyo tatizo la mawese liko katika kiasi, na katika kuwa ndiyo mafuta pekee ya nyumba mwaka mzima.

Hesabu ni ile ile ya pakiti. Lita moja ya mawese ina uzito wa takriban gramu 900. Nyumba ya watu 6 inayomaliza lita kwa siku 4 inampa kila mmoja karibu gramu 38 kwa siku, ambazo ni karibu vijiko vitatu vya chakula, na ndani yake kuna takriban gramu 19 za mafuta yanayoganda. Kwa mtu anayekula chakula cha kawaida cha siku, mipaka iliyopendekezwa ni gramu 22 hivi kwa vyakula vyote, pamoja na nyama, maziwa na maandazi. Lita hiyo ikikaa siku 7, kila mtu anashuka hadi gramu 11 hivi za mafuta hayo yanayoganda, na mawese yanabaki mezani bila ugomvi. Wenye uwezo wanaweza kupishanisha, leo mawese, kesho alizeti. Tena yapikwe yangali mekundu. Ile desturi ya kuyachoma mpaka wekundu upotee na moshi ujae jikoni inateketeza kile kilicho bora ndani yake na kukuachia mafuta matupu. Na wale wanaokaanga mihogo na dagaa kwa biashara wasiyarudie mafuta yale yale siku baada ya siku hadi yawe meusi, kwa kuwa kila yanapochemshwa upya huzidi kuharibika.

Ninaelewa kwamba kwa wengi wenu hili linagusa kipato. Kuna mahali duniani palipokuwa na kisa kama chenu, nami hukitaja kila ninapopata nafasi. Katika jimbo la Karelia ya Kaskazini, mashariki ya Ufini, miaka ya mwanzo ya 1970 wanaume walikuwa wanakufa kwa maradhi ya moyo kwa wingi uliokuwa miongoni mwa mikubwa kabisa duniani, wengi wao wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi. Lilikuwa jimbo la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Siagi ilikuwa chakula chao, biashara yao na fahari yao, kama mawese yalivyo kwenu. Wananchi wenyewe, kupitia wawakilishi wao, waliiomba serikali iwasaidie, na mwaka 1972 mradi ukaanza chini ya daktari kijana aitwaye Pekka Puska. Hawakutegemea hospitali peke yake. Walikwenda kwa vyama vya wanawake wa vijijini, ambavyo viliandaa mikusanyiko ya mapishi. Wanawake walikipika chakula kile kile cha asili yao kwa mafuta na chumvi kidogo zaidi na mboga nyingi zaidi, wakakila pamoja, wakakizungumza. Wafugaji nao walihimizwa kulima matunda madogo yanayostahimili baridi ili wapate kipato kingine. Presha ilipimwa, sigara zikapungua. Katika muda wa miaka 35 hivi, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Ninachokiona katika kisa hicho ni kwamba chakula kilibadilika mikononi mwa wale wale waliokuwa wanakipika. Kwa hiyo Jumamosi moja katika mwezi, badala ya kuhutubiana, pikeni. Ugali wa muhogo, dagaa walioungwa kwa nyanya nyingi, kitunguu, pilipili na limau, mawese ya kupimwa kwa kijiko, maharage ya Kasulu yasiyo na magadi, na matembele au mchicha unaojaza robo tatu ya sahani ya mboga. Pikeni sufuria mbili, moja kwa chumvi ya kawaida na moja kwa nusu yake, waonje bila kuambiwa ipi ni ipi. Nimeona kwa macho yangu watu wakiichagua ile yenye chumvi kidogo kwa sababu limau na pilipili vimefanya kazi yake.

Mengine nitayapitia kwa ufupi, si kwa kuwa ni madogo bali kwa kuwa mnayajua. Sigara na ugoro haviwi salama kwa kiasi chochote. Wavuvi wengi huvuta usiku ziwani ili wasisinzie, na mke anayemsaidia mumewe kuacha ajue kwamba baada ya mwaka mmoja tu hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo inayotokana na sigara hushuka kwa karibu nusu. Pombe hupandisha presha, iwe ya ndizi, ya kiwandani au gongo. Sukari ya chai na soda huleta unene na kisukari, na kisukari ni ndugu wa presha. Mazoezi kwa mama anayelima na kupanda vilima vyetu kwa miguu si somo la kumfundisha, lakini anayekaa dukani kutwa au anayeendesha bodaboda anahitaji kutembea kwa kasi angalau nusu saa, siku 5 za juma. Wanaokausha samaki kwa moshi wakae upande unakotokea upepo, na jiko liwe mahali penye hewa, kwa kuwa moshi wa kuni nao huidhuru mishipa ya moyo.

Kuhusu unene kuna kipimo kizuri kisichohitaji mizani. Chukueni kamba, mpimeni mtu urefu wake tangu wayo hadi utosi, ikunjeni kamba hiyo katikati, kisha izungusheni kiunoni usawa wa kitovu. Ikikutana, vizuri, isipokutana, tumbo limebeba mafuta yanayouelemea moyo. Mjamzito asipimwe hivyo. Fanyeni kwa heshima, kwa kuwa tumelelewa kuona kitambi na mwili mnene kama alama ya nyumba yenye neema, na hakuna anayependa kuambiwa vinginevyo mbele ya wenzake.

Kila mwanachama ajue pia dalili za ghafla, kwa sababu siku ile sokoni dakika zilikuwa na thamani. Uso ukienda upande, mkono mmoja ukikosa nguvu, maneno yakivurugika, msisubiri hata kama dalili zimeisha baada ya muda mfupi. Angalieni saa dalili zilipoanza, mlazeni kwa ubavu, msimpe chakula wala maji wala dawa ya presha ya mtu mwingine, mpelekeni hospitali. Maumivu mazito ya kifua yanayobana na kwenda mkononi, taya au mgongoni, pamoja na jasho jembamba na pumzi kukatika, ni dharura ile ile. Kwa wanawake wakati mwingine huja kama uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu na kubanwa pumzi, na huishia kuitwa vidonda vya tumbo.

Si kila ugonjwa wa moyo unatokana na chakula. Mtoto anayeugua koo mara kwa mara bila kutibiwa anaweza kupata homa inayoharibu milango ya moyo, na mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba hubaki na hatari kubwa zaidi ya presha hata miaka mingi baadaye. Hao wapimwe mapema, na anayehitaji uchunguzi wa kina ataelekezwa kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, na ikibidi hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam.

Nimemwacha mwenzenu wa kitunguu saumu mwishoni kwa sababu yeye ndiye wa haraka kuliko wote. Anajisikia vizuri, na huenda alijisikia vizuri kwa sababu dawa zilikuwa zinafanya kazi. Dawa ya presha haifanani na dozi ya malaria, ambayo ukiimaliza umemaliza ugonjwa. Hii huishikilia presha kwa siku ile unayoimeza, na ukiiacha presha hurudi ilikokuwa bila kupiga hodi. Kitunguu saumu kinaweza kuishusha kidogo, na simkatazi kukila, lakini hakiwezi kubeba mzigo wa dawa. Limau namsifu kwalo, mradi liende pia kwenye sufuria badala ya chumvi.

Kabla ya kumshauri, muulizeni kwa upole, mkiwa wawili tu, kwa nini hasa aliziacha. Mara nyingi "ninajisikia vizuri" ni jibu la heshima linaloficha jingine. Huenda miguu ilimvimba, au alikuwa anakwenda haja ndogo kila saa akashindwa kukaa sokoni, au alipata kikohozi kikavu kisichoisha. Haya yote hutokana na aina fulani za dawa, na mhudumu akiambiwa anaweza kubadilisha. Huenda ni fedha, au huenda mumewe hajui. Kama bado yuko katika umri wa kuzaa, aseme pia, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha hazimfai mwanamke anayeweza kushika mimba. Mtu mmoja kati yenu afuatane naye Jumatatu asubuhi, abebe pakiti za dawa alizokuwa anameza hata kama ni tupu, na amweleze mhudumu bila kuficha kwamba aliziacha na kwamba anakunywa kitunguu. Akikubali, na presha yake ikiwa imeanza kutulia, mwombeni awe wa kwanza kukunja mkono wa gauni na kupimwa mbele ya wenzake.